Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2021

Ndugu wanachama, na nyinyi walezi mliotusindikiza mwaka mzima,

Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina, na orodha ya wanachama wapya anayo katibu. Mimi nimeomba nafasi nizungumzie jambo moja tu, maana ndilo mlilonipigia simu kuniuliza usiku na mchana: kwa nini korona imwandame zaidi mtu mwenye saratani?

Nianze na mwezi wa Juni, kwa sababu hapo kamati yenu ilikosea. Mei aina ya korona iitwayo Delta ilikuwa imebainika hapa Kisumu, na katikati ya Juni serikali ikazitaja kaunti 13 za ukanda wetu, kuanzia Busia na Siaya hadi Kericho na Bomet, kuwa kitovu cha maambukizi. Kafyu ikaanza saa moja jioni. Tulikutana wanne chini ya mwembe, barakoa usoni, tukakubaliana kuwatumia ujumbe: kaeni nyumbani, msisafiri. Ujumbe ule niliuandika mimi kwa mkono wangu. Haukutofautisha safari ya soko la Kibuye na safari ya kwenda kuwekewa dawa ya saratani, yaani kemo. Wapo walioufuata neno kwa neno, wakaruka kemo mara moja, wengine mara mbili. Mwenzetu mmoja wa upande wa Muhoroni tezi za shingo zilikuwa zimenywea vizuri. Aliporudi kliniki Agosti zilikuwa zimevimba tena, na ikabidi aanzishiwe dawa nyingine iliyo kali zaidi. Naomba radhi kwake na kwenu nyote.

Sasa nijibu swali. Kemo huwinda seli zinazozaana haraka. Seli za saratani ni za namna hiyo, lakini hata mashina ya nywele, utando wa mdomo, na uboho ulio ndani ya mifupa, ambamo damu hutengenezwa, vina kasi hiyo hiyo. Kinachofanya nywele zinyonyoke ndicho kinachoshusha chembe nyeupe za damu. Tofauti ni kwamba nywele unazikuta kwenye mto asubuhi. Chembe nyeupe huwezi kujua zimekwenda wapi mpaka upimwe. Baadhi ya chembe hizo, limfosaiti, ndizo zinazokabili virusi. Nyingine, nutrofili, hukabili bakteria, na nimonia ya bakteria hupenda kumfuata mtu ambaye mapafu yake yamekwisha kudhoofishwa na korona.

Kwa dawa nyingi, chembe hizi hushuka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kemo. Angalieni hizo ni siku gani. Kichefuchefu kimekwisha, chakula kimeanza kupita, mtu ameoga na kuvaa vizuri, na nyumbani kuna matanga. Nani kati yetu asiyejua namna ya kukaa matangani huku kwetu, usiku kucha, watu bega kwa bega? Siku unayojiona umepona ndiyo siku mwili hauna kitu mfukoni.

Si wote tulio sawa, na hili tulilieleza vibaya pia. Walio hatarini zaidi ni wenye saratani za damu na tezi, yaani lukemia, limfoma na mayeloma, kwa sababu kwao ugonjwa wenyewe umeingia kwenye chembe zinazotulinda. Baadhi ya dawa zao hufuta kabisa chembe zinazotengeneza kingamwili, na athari hiyo hudumu miezi sita au zaidi. Mtu wa namna hiyo akipata korona anaweza kukaa nayo wiki nyingi bila mwili kuifukuza. Wenye saratani ya mapafu hukutwa pumzi imeshapungua. Wenye saratani ya umio, ambayo kwetu magharibi tunaijua vizuri mno, hufika hospitali wamekonda kwa kushindwa kumeza, na mwili wenye njaa haupigani. Ongeza hapo umri, sukari na presha.

Lakini mimi, niliyemaliza kemo ya titi miaka minne iliyopita na sasa ninameza tamoksifeni tu, kidonge cha kuzuia saratani isirudi, nilijifungia chumbani miezi mitatu kama yai. Tamoksifeni haishushi chembe nyeupe. Daktari alinicheka kidogo, akaniambia nitoke nikaote jua.

Jambo la pili linahusu homa. Agosti, mama mmoja wa Ahero, siku ya 10 baada ya kemo, alipata joto la 38.4. Alifika kituo kimoja cha afya, sitakitaja, akiwa na karatasi yake ya maabara: nutrofili 0.4, kiwango cha chini mno, imezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu. Hakuna aliyeitazama. Homa ilikuwa korona mpaka ithibitishwe vinginevyo, hivyo aliketishwa kwenye hema la nje, kiti cha plastiki, akangoja majibu ya kipimo. Alingoja saa sita. Kipimo kilikuja hana korona. Alichokuwa nacho ni bakteria kwenye damu, na mtu mwenye chembe kidogo namna ile anatakiwa awekewe antibiotiki kwenye mshipa ndani ya saa moja, korona iwepo isiwepo. Alilazwa siku tisa. Yuko nasi leo, ameketi safu ya tatu, na ameniruhusu kulisimulia.

Kwa sababu yake kamati ilinunua vipimajoto na kuchapisha kadi ndogo ya njano: jina, dawa, tarehe ya kemo ya mwisho, na maneno haya kwa herufi kubwa, NIKO KWENYE KEMO, HOMA YANGU NI DHARURA. Mpeni mtu wa kwanza mnayemkuta mlangoni, hata akiwa askari. Na msimeze parasetamoli kabla ya kupima joto, inaficha homa.

Chanjo sitaikalia sana. Ya kwanza iliingia nchini tarehe 3 Machi, na zamu ikapangiwa wahudumu wa afya, walimu, polisi, na wenye miaka 58 kwenda juu. Wengi wetu tuko kwenye miaka ya thelathini na arobaini, tukasubiri. Sasa zipo. Hakuna kati yake iliyo na kirusi kinachoweza kuzaana mwilini, kwa hiyo haiwezi kukuambukiza korona. Kwa aliye kwenye matibabu huenda isishike sawasawa, ndiyo maana mume, watoto wakubwa na yule dada wa kazi nao wachanjwe. Akina mama tuliotolewa tezi za kwapa, toeni mkono wa upande mwingine. Tezi ya kwapa ikivimba siku chache baada ya sindano, usianze kuandika wosia. Mwambie daktari ni lini ulichanjwa na mkono upi.

Kuhusu usafiri: dereva wa probox aliyekubali kubeba watatu badala ya saba, na kuwangojea hospitali ya Jaramogi, tunayoiita Russia, mpaka dripu iishe ili wafike Bondo kabla ya kafyu, tumemlipa hadi Oktoba, kafyu ilipoondolewa. Napendekeza tuendelee naye hata sasa. Matatu iliyojaa si mahali pa mtu wa siku ya 10.

Uchaguzi wa kamati utafuata baada ya chai. Mimi sigombei tena uenyekiti, ila kazi ya vipimajoto nitaendelea nayo mkinikubalia. Viwili havijarudishwa, kimoja Nyalenda na kingine Luanda, na wenye navyo wanajijua.