Pikipiki ikimisi msikimbilie kabureta

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana ile makala yenu ya pikipiki kumisi, yaani injini kukatakata wakati unaendesha, imenigusa na siwezi kunyamaza. Mwandishi kaeleza vizuri mambo ya plagi, hapo sina neno, ila pale aliposema pikipiki ya kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini) ikianza kumisi hatua ya kwanza ni kushusha kabureta na kuisafisha, hapo ndo nimeona niandike, manake ushauri huohuo ndo ulioniharibia mi pikipiki yangu na najua kuna wasomaji wenu wengine saa hizi wameshashika bisbisi.

Yangu ilianza hivi. Nikiiwasha asubuhi iko poa kabisa, imetulia, nikishakaa barabarani kama dakika 20 inaanza kukohoa, inavuta inaacha, inavuta inaacha, mwisho inazima, na siku moja ilizima nikiwa katikati ya kulipita lori. Nikisimama pembeni kidogo inawaka kama vile haijawahi kuumwa. Fundi akashusha kabureta akasafisha, siku mbili ikarudia, akashusha tena, mara ya tatu akachukua kipande cha waya akachokoa jeti, kile kijipande chenye tundu dogo kinachopitisha petroli ndani ya kabureta, na kuanzia siku hiyo ukaongezeka ugonjwa mwingine, ikawa inakunywa mafuta na plagi inajaa masizi. Kumbe tatizo lilikua kwenye kifuniko cha tenki! Kile kitundu cha kupumulia kilikua kimeziba vumbi, kwa hiyo mafuta yakipungua hewa haiingii kushika nafasi yake, tenki linajivuta kwa ndani na petroli inashindwa kuteremka. Ukisimama hewa inapenya taratibu, mafuta yanashuka, unaondoka. Kuligundua ni kazi ya sekunde chache tu, ikianza kukohoa unasimama pembeni unafungua kifuniko, ukisikia tenki linavuta pumzi na pikipiki ikakaa sawa umeshapata jibu. Kabureta haikua na kosa lolote mpaka tulipoitia waya.

Na kuhusu waya naomba nieleweke. Jeti imetengenezwa kwa madini laini, na tundu la ile jeti ndogo kwenye pikipiki nyingi ndogo halifiki hata nusu milimita. Ukilichokoa likapanuka kidogo tu ambapo hata jicho halioni, mafuta yanazidi na hakuna namna ya kulirudisha, dawa ni kununua jeti nyingine. Ikiziba unailoweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta alafu unapuliza kwa upepo wa kompresa, unaiinua kwenye mwanga unaangalia kama tundu ni duara safi, basi.

Sasa turudi kwenye kumisi kwenyewe. Mafundi wazuri niliowahi kuwaona hawaanzi na spana, wanaanza na swali, inamisi wakati gani? Kabureta ina njia zaidi ya moja za kupitishia mafuta na kila njia ina zamu yake kutegemea umevuta resi kiasi gani. Ukiwa umeachia resi au umeivuta kidogo sana inayofanya kazi ni jeti ndogo na skrubu ya mchanganyiko wa mafuta na hewa, ukifika kama robo hadi robo tatu ni sindano ya ndani ya kabureta inayopanda na kushuka na resi, ukifungua yote ni jeti kubwa. Kwa hiyo chukua tepu weka alama kwenye mkono wa resi, alama nyingine kwenye sehemu ya pembeni yake isiyozunguka, endesha, angalia inamisi alama zikiwa wapi, sio spidi ngapi wala gia gani, alama. Ikiwa inatetemeka na kuzima ukiachia resi lakini ukivuta inatulia, shuku jeti ndogo au kuna mahali inavuta hewa ya wizi, yaani inayoingia bila kupita kwenye kabureta. Ikiwa iko freshi chini alafu ukifungua yote inakosa pumzi, angalia mafuta kama yanafika ya kutosha (koki, filta ya mafuta, hicho kifuniko), filta ya hewa, ndo uje kwenye jeti kubwa. Na kama inamisi kotekote, uvute usivute, muda mwingi kabureta haihusiki, nenda kwenye umeme na tapeti, vile vyuma vinavyosukuma valvu (milango ya injini ya kuingizia mchanganyiko na kutolea moshi) zifunguke.

Kuna kipimo kingine cha bure nacho nashangaa makala haikukitaja, choki, kile kinachopunguza hewa ili mafuta yazidi. Injini ikiwa imeshapata moto vuta choki nusu. Ikitulia ina maana ilikua inakula hewa nyingi kuliko mafuta, aidha jeti imeziba ama hewa inaingilia pembeni. Ikizidi kuchafuka ina maana mafuta yanatosha au yamezidi tayari, kwa hiyo usihangaike kuongeza. Hewa ya wizi inapenda kupita kwenye ule mpira unaounganisha kabureta na hedi, unazeeka unapasuka nyufa ambazo huzioni mpaka uukunje. Washa injini, nyunyizia maji kidogo kwa chupa ya kupulizia kuzunguka mpira huo, mungurumo ukibadilika umeupata. Nimeona watu wanafanya hivyo kwa petroli, jamani, ekzosi iko pale pale na ni ya moto, tumieni maji!

Plagi mwandishi kaigusa sawa, rangi ya kahawia ni nzuri, masizi makavu meusi mafuta yamezidi, nyeupe kabisa hewa imezidi na injini inachemka, ikiwa na utelezi wa oili hiyo ni habari ya ringi au sili za valvu. Niongeze tu kwamba isomwe baada ya safari ya kweli, ukiiungurumisha nyumbani dakika 10 ukaitoa inaweza kuwa nyeusi hata kama pikipiki haina shida.

Koili, ile inayotoa umeme mkali wa cheche ya plagi, nayo ina tabia ya kudanganya, ikiwa baridi inatoa cheche safi, ikipata moto inakata. Ndo maana kupima cheche asubuhi wakati pikipiki inamisi jioni hakusaidii, ipime palepale ilipokugomea, toa plagi, irudishe kwenye kepu yake, igusishe mwili wake kwenye chuma cha injini mbali na tundu ilikotoka manake mle kuna mvuke wa petroli, alafu piga kiki. Cheche ikiwa hafifu au inakuja inapotea, jaribu kwanza kepu na waya kabla hujanunua koili.

Ila kinachonisumbua zaidi ni tapeti. Watu wanaamini tapeti mbovu ni ile inayopiga kelele, kwa hiyo fundi akiibana mpaka ikanyamaza mteja anafurahi. Tapeti iliyobana ndo mbaya, haitoi sauti yoyote, injini ikipata moto chuma kinatanuka, nafasi kati ya tapeti na valvu inaisha, valvu haifungi vizuri, kompresheni inavuja, pikipiki inakua ngumu kuwaka ikiwa ya moto na ukiachia resi inayumba alafu inazima. Ukiendelea hivyo valvu inaungua. Pikipiki nyingi ndogo zinataka nafasi ya kama milimita 0.05 hadi 0.10, kitabu cha pikipiki yako ndo kitakupa namba kamili, na inapimwa kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) injini ikiwa baridi kabisa, pistoni ikiwa juu na valvu zote mbili zimefunga. Sio kwa sikio. Mi nimekutana na pikipiki tatu zilizosafishwa kabureta mara kibao na zote shida ilikua hii.

Na ukishalazimika kugusa skrubu ya mchanganyiko, kwanza ifunge taratibu bila kuikaza ukihesabu mizunguko, andika, ndo uanze kucheza nayo, ili ukipotea ujue pa kurudi. Ikiwa iko upande wa injini, ukiifungua unaongeza mafuta, ikiwa upande wa filta ya hewa ni kinyume chake, ukiifungua unaongeza hewa. Badilisha kitu kimoja tu alafu endesha. Fundi wangu alibadilisha plagi, jeti na skrubu kwa siku moja na hakuna aliyejua kipi kilifanya nini.

Ombi langu Mhariri, mkirudia kuandika mada hii anzeni na kifuniko, plagi na tapeti, kabureta muiweke mwisho, na ikiwezekana mchoro wa sehemu za resi uwepo mtu aukate abandike ukutani. Yangu nilizibua kifuniko nikaweka jeti ndogo mpya, juzi nimetoa plagi baada ya safari ndefu na ni kahawia safi.

Msomaji wenu wa siku nyingi