Kesi ya bei ya simu ikiendelea, pesa za mteja zinakaa wapi?

Ndugu Mhariri,

Kampuni ya simu inapokwenda mahakamani kuipinga serikali kuhusu bei, magazeti hutueleza nani kashinda na nani kashindwa. Naomba waandishi wako waulize jambo moja zaidi: kesi ikiwa bado haijaamuliwa, mteja analipa bei ipi, na ile tofauti anaishika nani?

Nasema hivi kwa sababu ya kesi ya zamani ya jiji la Chicago, Marekani. Mwaka 1923 tume ya jimbo la Illinois iliiagiza kampuni ya Illinois Bell ipunguze bei za simu za kutumbukiza sarafu jijini humo. Kampuni ikakimbilia mahakama ya shirikisho, ikilalamika kwamba bei hizo ni sawa na kunyang'anywa mali yake. Mahakama ikaizuia amri ya jimbo, lakini kwa sharti: kampuni ikishindwa, itawarudishia wateja kile kilichozidi.

Shauri likaburuzwa miaka. Desemba 1930 Mahakama ya Juu ya Marekani ililirudisha mahakama ya chini, ikataka gharama za simu za ndani ya jimbo zitenganishwe na zile zinazovuka mipaka yake, na bei za vifaa vilivyonunuliwa kutoka Western Electric, kampuni ya kutengeneza vifaa vya simu, zichunguzwe. Hapa ndipo mimi nilipoamka. Western Electric na Illinois Bell zote zilikuwa mikononi mwa kampuni mama moja ya simu, AT&T! Muuzaji na mnunuzi wanakula chungu kimoja, halafu gharama inapelekwa kwa mteja kama vile haikuepukika.

Aprili 1934 kampuni ilishindwa katika Mahakama hiyo hiyo ya Juu. Jaji Mkuu Charles Evans Hughes aliyapima madai ya kampuni kwa hesabu za kampuni yenyewe: ilikuwa imewalipa wenye hisa gawio la asilimia 8, tena ikitenga fedha nyingi kupita kiasi kwa ajili ya uchakavu wa mitambo. Kampuni ya namna hiyo haikuwa imenyang'anywa chochote.

Bila lile sharti, wateja wa Chicago wangeshinda kesi na kurudi nyumbani mikono mitupu. Na hata hivyo, miaka zaidi ya kumi ni mingi; watu huhama, huolewa, hufa. Kwa hiyo waandishi wakiulizia sharti, waulizie na daftari: nani anaandika alicholipa kila mteja, na mjane wake atakwenda kudai dirisha lipi?

Wako,
Mteja wa simu,
Morogoro