Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2020

Ndugu wanachama wa chama chetu cha akiba na mikopo,

Muhtasari wa kamati mtagawiwa, sitausoma wote. Nitazungumzia vibarua, maana huko ndiko mwaka huu ulikotubana.

Nimesikia, hata humu ndani, kwamba kwa kuwa Tanzania hatukufungiwa majumbani, korona haikugusa mifuko yetu. Si kweli. Minofu ya sangara inayokatwa Mwanza hailiwi mtaani Kirumba, inapanda ndege kwenda Ulaya. Machi migahawa ya Italia na Hispania ilifungwa, oda zikakatika. Aprili ndege za abiria kutoka nje nazo zikasimamishwa nchini hadi Mei 18. Kiwanda kikipunguza zamu, mkata minofu anaambiwa "tutakupigia". Mapanki, yaani mabaki ya samaki aliyekatwa minofu, yakikosekana, mama anayekaanga anashinda bure na kuli anarudi nyumbani mikono mitupu.

Nilipita kwenye geti la kiwanda kimoja asubuhi. Akina mama wamekalia mabeseni waliyoyapindua, kila mmoja na namba yake ya foleni imeandikwa kwa kalamu kiganjani. Saa nne mlinzi akatoka: leo mapanki hakuna. Hakuna aliyebishana naye. Kesho yake foleni ilikuwa fupi.

Wenzetu wanaouza chapati na dagaa wa kukaanga kwenye mageti ya shule walikaa bila biashara tangu Waziri Mkuu Majaliwa alipotangaza kufunga shule Machi 17 hadi shule za msingi zilipofunguliwa Juni 29. Mafundi cherehani wao walineemeka na barakoa, na sijaona hata mmoja akiongeza hisa!

Kilichoniudhi zaidi ni hiki. Sheria inampa mchangiaji wa NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, fao la kukosa ajira: theluthi ya mshahara kwa miezi 6, akiwa amechangia angalau miezi 18. Kibarua wa miaka mingi asiye na mkataba hachangiwi, kwa hiyo aliondoka bila kitu, sawasawa na aliyeanza juzi. Ugonjwa haukutuletea jambo hilo. Lilikuwepo, tukalizoea kwa sababu hela ya jioni ilikuwa inaingia.

Kamati ilisimamisha marejesho ya mikopo Aprili hadi Juni, bila faini. Wapo waliolalamika kwamba hisa zao zimelala. Zililala, nakubali, lakini kumdai mtu aliyesimamishwa kazi ni kumfukuza chamani, na akiondoka mkopo wake tutaudai kwa nani?

Leo naomba mpigie kura mambo mawili. La kwanza, tuandikishe wanachama wote wanaofanya vibarua viwandani, kiwanda na miaka ya kazi, ili tukienda kudai mikataba twende na orodha mkononi. La pili, wanaojiajiri waanze kuchangia NSSF kwa hiari, na makato yapitie hapa chamani.

Mweka hazina ataanza na deni la pango la ofisi, kisha tupige kura kabla ya chakula.