Mpiga kura wa mchujo asikisie mioyo ya wenzake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie jambo linalojirudia kila vyama vya Marekani vinapotafuta wagombea wa urais, na ambalo magazeti yetu hulipokea kutoka mashirika ya habari ya huko bila kulihoji. Tunaambiwa kwamba mgombea fulani ana uwezo wa kushinda na mwenzake hana, kana kwamba uwezo huo unapimika kama umri au elimu, ilhali ni makisio kuhusu kura za mamilioni ya watu ambao bado hawajaamua.

Makisio hayo yana nguvu kubwa. Katika mchujo wa chama cha Democratic mwaka 2020, yaani kura zinazopigwa jimbo baada ya jimbo kumchagua mgombea wa chama, zaidi ya nusu ya wapiga kura waliohojiwa vituoni katika majimbo mengi walisema wanamtaka atakayemshinda Donald Trump kuliko yule wanayekubaliana naye katika sera. Joe Biden alikuwa wa nne Iowa na wa tano New Hampshire, na wengi walikwisha kumkatia tamaa. Tarehe 26 Februari James Clyburn, mbunge wa jimbo la South Carolina, akamwunga mkono, siku tatu baadaye Biden akapata karibu nusu ya kura za South Carolina, wapinzani wake Pete Buttigieg na Amy Klobuchar wakajitoa, na katika Jumanne Kuu ya tarehe 3 Machi, siku ambayo majimbo mengi hupiga kura za mchujo kwa pamoja, akashinda majimbo 10 kati ya 14. Naamini hakuna sera yake inayoweza kueleza mgeuko wa haraka namna ile. Watu walianza kuamini kwamba wengine wanamwamini, na hilo likatosha.

Wapo watakaonijibu kwamba Biden alishinda uchaguzi mkuu wa Novemba, kwa hiyo wapiga kura walikisia vizuri. Nawaomba waukumbuke mchujo wa Democratic wa mwaka 2004. Howard Dean, aliyeipinga waziwazi vita ya Iraq, aliongoza tafiti za maoni mwishoni mwa 2003, lakini Iowa ilipofika wengi walimkimbilia John Kerry, kwa hoja kwamba askari mwenye nishani za Vietnam hawezi kuitwa mwoga na George W. Bush. Kerry alipata asilimia 38, Dean 18. Miezi michache baadaye kundi la maveterani lilirusha matangazo ya kuishambulia rekodi ileile ya Vietnam, na Bush akachaguliwa tena. Wapiga kura wa mchujo walikuwa wameacha waliyemtaka ili wapate ushindi, wakakosa vyote viwili.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba hesabu hii haiwaangukii wagombea wote sawasawa. Hillary Clinton alipata karibu kura milioni tatu zaidi ya Trump mwaka 2016 akashindwa kwa kura za wajumbe wa majimbo, ambazo ndizo zinazoamua nani awe rais, na funzo ambalo wengi walilichukua ni kwamba mwanamke hawezi kushinda. Miaka minne baadaye Elizabeth Warren, aliyegombea katika mchujo wa 2020, alikutana na wapiga kura waliomsifu kwa mipango yake kisha wakasema wanahofia kwamba majirani zao hawatamkubali. Alimaliza wa tatu hata katika jimbo lake la Massachusetts. Hapo mtu asiye na ubaguzi hata chembe huutekeleza ubaguzi anaoudhania kwa mwingine.

Barack Obama, ambaye babake alitoka Kogelo, alikumbana na kizuizi hichohicho. Mwaka 2007 Wamarekani weusi wengi wa South Carolina walikuwa upande wa Clinton, kwa kuwa hawakuamini kwamba weupe wangempa Obama kura. Tarehe 3 Januari 2008 Iowa, jimbo lenye weupe wengi mno na lililokuwa la kwanza kupiga kura, ilimpa ushindi. Wiki tatu baadaye South Carolina ikampa asilimia 55. Je, Iowa ingechelewa kupiga kura katika ratiba ile, ingekuwaje?

Sisemi kwamba kila kura ya mahesabu ni kosa. Kanuni za Democratic huhitaji mgombea apate angalau asilimia 15 ya kura ili agawiwe wajumbe wa mkutano wa chama unaomteua mgombea, hivyo mtu anaweza kuwa na sababu ya kumwacha mgombea wa chini. Hilo linahusu idadi zinazoonekana. Kudai kujua Novemba itakuwaje, wakati ni Februari, ni jambo jingine kabisa, na Trump mwenyewe, aliyeambiwa mwaka 2016 na viongozi wa chama chake kwamba hachaguliki, ni ushahidi wa kutosha.

Kwa hiyo, Mhariri, mchujo wa 2028 utakapokaribia, nawaomba waandishi wenu wanapotafsiri habari kwamba mgombea fulani hawezi kushinda watuambie ni nani aliyesema hivyo, kwa ushahidi gani, na kama msemaji huyo mwenyewe anamwunga mkono mpinzani wa mgombea huyo.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam