Pilato hakudai kadi ya zaka

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelinunua miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja. Ningeendelea kunyamaza kama si ile habari yenu ya Jumatatu, yenye picha ya mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo ya Wakatoliki akivishwa kitenge kwa kukusanya zaka "asilimia mia moja". Mwandishi wako kafurahi kweli, ila hakuuliza hiyo asilimia mia inapatikanaje. Kwetu ilipatikana mwaka jana, mlangoni kwa shangazi yangu, mwenyewe akiwa ndani ya jeneza.

Shangazi alikuwa na miaka 81. Kiharusi kilimlaza miaka miwili kabla hajafa. Siku ya mazishi vijana waliamka alfajiri kuchimba kaburi kihambani, kwenye shamba la nyumbani, pembeni ya mumewe, wakakata migomba miwili kupata nafasi. Misa ilipangwa saa sita mchana. Saa tano akaingia mwenyekiti wa jumuiya na daftari la kaunta kwapani. Pole hakutoa. Akaomba kuonana na "wahusika", akalamba kidole, akafungua ukurasa: zaka miezi 24 kwa shilingi 2,000, ujenzi wa nyumba ya mapadri 20,000, jumla 68,000. Bila hiyo katekista hagongi muhuri, na bila muhuri hakuna misa. Binti wa marehemu akaingia chumbani, akatoka na bunda la kadi lililofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kadi za miaka na miaka, zile za zamani zimeshakuwa rangi ya chai, kila mwezi una muhuri wake. Mbili za juu ndizo zilikuwa tupu. Mwenyekiti akachomoa hizo mbili, nyingine hakuzigusa. Sisi wanaume tukaanza kuchangishana nyuma ya jiko kama tunanunua soda, tukatuma kwa simu kwenye namba ya mweka hazina, mtandao ukagoma, tukatuma tena. Saa saba na nusu ujumbe ukaingia. Mvua nayo ikaingia. Watu waliotoka Dar es Salaam na Mwanza wamesimama chini ya migomba, jeneza liko sebuleni, na mwenyekiti anaisoma ile meseji mara mbili kuhakikisha si ya kughushi.

Padre alipofika aliendesha misa vizuri, sina ugomvi naye. Nilipomvuta kando akaniambia huo ni utaratibu wa halmashauri ya walei, yaani waumini wasio mapadri. Nilipomfuata mjumbe wa halmashauri, naye akasema ni utaratibu wa parokia. Basi.

Sasa mimi si msomi wa sheria za Kanisa, lakini kusoma najua. Kanuni ya 1184 inawataja wanaonyimwa mazishi: walioiasi imani, wazushi na waliojitenga na Kanisa kwa namna inayojulikana wazi, waliochagua miili yao ichomwe kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa hadharani ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Hata hao wakionyesha dalili ya toba kabla ya kufa, wanazikwa. Bibi aliyepooza upande mmoja hayumo humo. Kanuni ya 1181 inasema maskini wasikose mazishi yanayostahili kwa ajili ya sadaka. Kuzika wafu tulifundishwa katekesimu kuwa ni tendo la huruma, na Tobiti wa kwenye Biblia alizika watu usiku huku roho yake ikiwindwa. Na Pilato, Mhariri! Mpagani yule, Yosefu wa Arimathaya alipomwendea kuomba mwili, alichouliza ni kama kweli mtu ameshakufa. Akautoa.

Halafu wiki tatu baada ya mazishi akaja mheshimiwa kanisani kwetu. Benchi la mbele likafutwa vumbi, kwaya ikamwimbia kwa jina, akapewa kipaza sauti kabla ya baraka ya mwisho, akamtaja Mwalimu Nyerere mara nne, akaahidi mifuko 100 ya saruji. Kadi yake ya zaka hakuulizwa. Jumuiya yake ni ipi, hakuulizwa. Huyo Mwalimu anayetajwa ndiye aliyewaambia masista wa Maryknoll kule New York mwaka 1970 kwamba Kanisa lisiposimama na maskini litaonekana liko upande wa wanaowakandamiza, lakini sehemu hiyo mheshimiwa aliiruka. Saruji yenyewe bado tunaisubiri. (Jirani zangu Walutheri wasicheke, nao wana bahasha zenye namba.)

Jumuiya ndogondogo zilipopewa kipaumbele na maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, katika mikutano ya 1973 na 1976, nilikuwa kijana. Tuliambiwa ni za kujuana, kusali pamoja na kumtazama mgonjwa. Leo jumuiya ni ofisi ya mapato isiyo na kiyoyozi.

Napendekeza hivi. Kadi ya zaka iongezwe ukurasa mmoja wa mahudhurio ya jumuiya kwa mgonjwa, nao ugongwe muhuri na mgonjwa mwenyewe, hata kwa dole gumba. Wiki ambayo hawakuja, wakatwe shilingi 1,000 kwenye deni. Jumuiya hukutana kila Jumamosi. Miaka miwili ni Jumamosi 104, na kwa shangazi walifika mara tatu, moja ikiwa ya kuleta risiti. Zinabaki 101, sawa na shilingi 101,000. Toa zile 68,000, ambazo tulishalipa kamili. Kanisa linadaiwa na marehemu 33,000, na hizo 68,000 zetu juu yake. Mweka hazina namba yetu anayo, ni ile tuliyomtumia nayo siku ya mvua.

Muumini mwenye kadi iliyojaa,
Moshi Vijijini