Chupa na mbegu za avoka zinatosha kuanzia

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niwaambie wakuu wa shule za Bukavu kwamba kuwafundisha watoto kutunza mazingira hakuhitaji kungojea mfadhili. Amri ya serikali ya Kongo ya mwaka 2017 ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, lakini mvua ikinyesha tunaona mifuko na chupa zikiteremka toka vilima vya mtaa wetu wa Kadutu hadi Ziwa Kivu, kisha zikiufuata mto Ruzizi mpaka kwenye bwawa la umeme, ambako huziba mitambo na kutuacha gizani.

Chupa hizo hizo, zikikatwa katikati na kutobolewa chini, ni vyungu vya kuoteshea miche. Mbegu za avoka hutupwa kila siku jikoni; kila mwanafunzi alete moja, na udongo uchanganywe na maganda ya ndizi na mboga yaliyooza. Masomo huanza Septemba pamoja na mvua, kwa hiyo maji ya kumwagilia si tatizo, na miche huweza kupandwa kabla ya kiangazi cha Juni. Kwenye miteremko inayomomonyoka, matete yapandwe kwa kukingama mteremko, kwani mizizi yake hushika udongo.

Jambo moja linanikera: katika shule nyingi, kufagia uwanja ni adhabu ya waliochelewa. Mtoto aliyezoeshwa hivyo atapendaje usafi? Walimu nao washike fagio.

Mzazi, Bukavu