Barua kutoka Edinburgh: kuhusu deni ambalo Baba anasema nimelimaliza

Edinburgh, Novemba

Wazazi wangu wapendwa,

Shikamooni. Natumaini barua hii itawakuta nyote wazima, na kwamba Baba ule mguu umepata nafuu tangu uanze dawa mpya. Mimi sijambo. Baridi imeanza, na ikifika saa kumi jioni giza linaingia, lakini chumba kina joto na kazi inakwenda.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu jambo nililonalo ni refu, na kwenye simu hatujapata kulifikisha mwisho. Baba, mara ya mwisho tulipozungumza uliniambia niache kutuma fedha za kila mwezi kwa kuwa mkataba wangu unakaribia kwisha, kisha ukaongeza kwamba deni langu nimeshalimaliza zamani. Najua ulisema kwa upendo, na Mama alikuwa pembeni akiitikia. Lakini suala hilo, la kama mtoto anadaiwa na wazazi wake na kwa maana gani, ndilo hasa ninaloliandikia makala na kulifundisha muhula huu, na nisingependa kulijibu kwa "haya Baba" kisha nikakata simu.

Nianze na kazi yenyewe, maana Mama alinieleza kwamba majirani wanadhani nafundisha dini. Ninachofundisha hapa chuoni ni falsafa ya maadili, somo linalouliza tunapaswa kutenda nini na kwa sababu gani. Simfundishi mwanafunzi adabu, kwani adabu kila mmoja amekuja nayo kutoka kwao. Ninachomtaka ni kutoa sababu, na sababu yake ikipingwa aitetee au aiache. Kwa wiki nina mhadhara mmoja na semina kadhaa za wanafunzi wachache wachache, kisha kuna insha za kusahihisha, ambazo hutujia na namba badala ya majina ili tusimpendelee yeyote. Siku zinazobaki ni za utafiti wangu mwenyewe, na kwa mtu aliyemaliza uzamivu juzi tu, utafiti huo ndio utakaoamua kama atapata kazi ya kudumu au hatapata.

Somo hili lina mizizi mirefu hapa Uskoti. Mwaka 1730 Francis Hutcheson alishika kiti cha uprofesa wa falsafa ya maadili huko Glasgow, na alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuacha kufundisha kwa Kilatini na kuwasemesha wanafunzi kwa lugha wanayoizungumza. Adam Smith, ambaye kwetu tunamjua kwa uchumi tu, alikishika kiti hichohicho kuanzia 1752 hadi 1764, na kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1759, kilihusu hisia za kimaadili wala si biashara. Na Baba, wewe uliyekuwa ukitusomea hotuba za Mwalimu baada ya chakula cha usiku, utafurahi kujua kwamba Mwalimu Nyerere alipokuwa mwanafunzi Edinburgh, kuanzia 1949 hadi 1952, falsafa ya maadili ilikuwa mojawapo ya masomo aliyoyachukua. Profesa wa somo hilo miaka hiyo alikuwa John Macmurray, mtu aliyeshikilia kwamba binadamu huwa mtu kamili katika uhusiano wake na wengine. Sitadai kwamba Ujamaa ulitoka darasani hapo. Mwalimu mwenyewe aliandika mwaka 1962 kwamba msingi wake ni familia pana ya Kiafrika, nami namwamini. Hata hivyo hunipa nguvu kujua kwamba maswali ninayowapa wanafunzi wangu, mtoto wa Butiama aliyajibu kwenye mitihani katika mji huuhuu.

Si kila kitu katika urithi huu ni chepesi kukibeba. David Hume, ambaye kwangu ndiye mwenye akili kali kuliko wote walioandika kuhusu maadili katika nchi hii, alinyimwa kiti cha Edinburgh mwaka 1745 kwa kushukiwa kuwa hana dini. Miaka kadhaa baadaye aliongeza tanbihi katika insha yake moja akisema kwamba anawashuku watu weusi kuwa duni kwa maumbile. Tanbihi hiyo naisoma darasani kwa sauti, mimi mwenyewe, kisha nawasomesha mwanafalsafa James Beattie wa Aberdeen, aliyemjibu mwaka 1770 kwamba hoja yake haina ushahidi wa kutosha hata kidogo. Nataka waone kwamba watu wa zama zake waliliona kosa lile na wakalisema, ili asitokee wa kumtetea kwa kusema kwamba zamani wote waliwaza hivyo.

Sasa nije kwenye deni. Mwezi uliopita niliwapa wanafunzi mfano wa mwanafalsafa Mwingereza William Godwin, wa mwaka 1793. Nyumba ya Askofu Mkuu Fénelon wa Ufaransa inaungua, na ndani yumo yeye, mtu ambaye maandishi yake yatawafaa maelfu, pamoja na mjakazi wake. Unaweza kumtoa mmoja tu. Godwin anasema mtoe askofu, na anasema hivyohivyo hata kama mjakazi yule ni mama yako, kwa sababu kuwa "wako" hakumwongezei mtu thamani. Watu walimshambulia, na katika toleo lililofuata akambadilisha mjakazi akawa mtumishi wa kiume, lakini hoja hakuiacha. Darasani nilitarajia mabishano ya kawaida. Wako waliohesabu faida, na wako waliomnukuu Bernard Williams, mwanafalsafa Mwingereza aliyesema kuwa mtu anayehitaji kanuni ili amwokoe mkewe ana wazo moja la ziada kichwani. Kisha msichana mmoja anayekaa karibu na dirisha, ambaye kwa kawaida hasemi, akasema kwamba mama yake ndiye angemwambia amwache amtoe mwingine, ila ni mama yake tu mwenye haki ya kusema hivyo, na si mtu aliyekaa kuandika kitabu. Nikaacha kidogo kabla ya kuendelea, kwa sababu nilikuwa nimekukumbuka wewe Mama, na kwa sababu alikuwa amesema jambo ambalo nilikuwa nikilitafuta katika makala yangu kwa kurasa nyingi.

Wanaoliandikia suala letu hili wamegawanyika. Wako wanaosema, kama ulivyosema Baba, kwamba ni deni: wazazi walitoa, mtoto arudishe. Nadhani wamekosea, na sababu zangu ni hizi. Deni lina kiasi, na likilipwa mdai na mdaiwa hawana tena la kuulizana; hakuna mzazi ninayemjua ambaye angependa kufika mahali hapo na mwanawe. Tena, kama ni deni, basi mtoto aliyekuwa akiugua kila mara na kula fedha za hospitali angedaiwa zaidi ya ndugu yake aliyekua bila tabu, na kaka angekuwa na ankara kubwa kuliko yangu kwa sababu tu ya pumu yake. Hilo haliingii akilini. Mwaka 1979 Jane English, mwanafalsafa wa Marekani, aliandika kwamba watoto waliokwisha kukua hawadaiwi chochote na wazazi wao, na kwamba wajibu uliopo unatokana na upendo uliopo sasa, kama ilivyo kati ya marafiki. Ni makala fupi na yenye ujasiri, na nimeisoma hadi karatasi zimelegea, lakini bado siikubali. Rafiki anaweza kufifia polepole, mkaacha kutafutana, na asiwepo aliyekosewa. Mzazi je? Mwanafalsafa Simon Keller naye, mwaka 2006, alipendekeza kwamba tutazame mambo ambayo mzazi hawezi kuyapata kwa mwingine ila kwa mwanawe, na mtoto vilevile kwa mzazi. Fedha mtu yeyote anaweza kuwatumia. Kuulizwa maoni yako na mtoto uliyemlea, na kuona anayabeba maisha uliyoyaanzisha wewe, si mtu yeyote anayeweza kukupa.

Mimi nasimama karibu na Keller, lakini nina ugomvi naye na nao wote. Familia wanayoiandika ina baba, mama na mtoto ndani ya nyumba moja. Mimi nililelewa na ninyi wawili, na Bibi, na Mama Mdogo aliyenikaribisha Korogwe kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, akanipa kitanda cha mwanawe na kumlaza yeye chini kwa mkeka. Nikifuata vitabu, Mama Mdogo ni mfadhili tu, astahiliye shukrani. Mimi najua ni mzazi wangu, na makala yangu inajaribu kueleza kwa hoja ni kwa nini, kwamba uzazi wa aina hii hujengwa na wale wanaokubali kwa pamoja kwamba mtoto ni wao, hata kama mkono wa mmoja ulitoa kidogo kuliko wa mwingine.

Makala hiyo ilirudishwa na jarida moja. Utaratibu ni kwamba makala hutumwa bila jina, na wasomi wawili au watatu wasiojulikana huisoma na kutoa hukumu, kazi ambayo huchukua miezi. Mmoja wao aliandika kwamba sehemu kuhusu Korogwe ni anthropolojia wala si falsafa. Iliniuma, kwa sababu mfano wa askofu anayeungua, ambaye hakuna aliyemwona akiungua, unahesabiwa kuwa falsafa, na nyumba ya Mama Mdogo haihesabiwi. Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Kenya aliyefundisha Nairobi hadi alipofariki mwaka 1995, alitumia miaka mingi kuwahoji wazee wa vijijini na kuonyesha kwamba wako miongoni mwao wanaotoa hoja na kuzipinga hata desturi zao wenyewe. Nimemweka katika makala, nimeikaza hoja yangu, na jarida jingine limeniomba marekebisho, jambo ambalo katika kazi hii ni habari njema.

Kuhusu mkataba ni kweli, unakwisha Agosti. Hapa walimu wengi tunaoanza huajiriwa kwa muda, mwaka au miaka michache, kisha mtu anahama mji au nchi, na viza yangu imefungwa kwenye ajira hiyo. Nafasi za falsafa ya maadili zinazotangazwa ni chache na waombaji ni wengi. Naomba hapa, na nitaomba Dar es Salaam pia, ambako iko idara ya falsafa, na ningependa sana siku moja kufundisha suala hili kwa Kiswahili, mbele ya wanafunzi ambao sitahitaji kuwaeleza Mama Mdogo ni nani. Msiwaambie watu kwamba narudi. Mambo hayajaiva.

Kwa hiyo Baba, jibu langu ni hili. Yule msichana wa dirishani alinisaidia kuliona. Kukataa fedha zangu ni haki yako, na ukisisitiza nitapunguza hadi Agosti, isipokuwa za dawa ya mguu na za Bibi, ambazo sitazigusa. Lakini kusema kwamba yamekwisha, kwamba sasa hatudaiani, hiyo nafikiri si haki yako peke yako, kwa sababu yaliyopo kati yetu hayakuwa mkopo tangu mwanzo, wala wewe hukuwahi kuyahesabu ulipokuwa ukiyatoa.

Nimeambatanisha muhtasari wa makala kwa Kiswahili, kurasa nne. Nakuomba uusome kama ulivyokuwa ukisoma insha za darasa la saba, kwa kalamu nyekundu. Ukurasa wa tatu ndio unaonipa wasiwasi, pale ninaposema kwamba mtoto aliyetelekezwa na mzazi wake hana wajibu kwake. Bibi najua atapinga, na nataka kusikia sababu zake zote, sio hitimisho lake tu. Mdogo wangu amrekodi kwenye simu na anitumie kabla ya Desemba haijafika katikati, maana marekebisho natakiwa kuyapeleka kabla ya Krismasi.

Mama, viatu vya baridi nimenunua, vina manyoya ndani. Nisalimieni Bibi, Mama Mdogo na kaka.

Ni mimi binti yenu.